Magari ya misuli ya Marekani: sheria ya moshi ilikosea wapi?

Wadau, kila tukigusa magari ya misuli, yale ya kawaida yaliyotiwa injini kubwa kama Chevelle, GTO na 'Cuda, hakosekani wa kusema Waarabu ndio waliyaua, walipofunga mafuta Oktoba 1973. Tarehe zinakataa.

Pontiac GTO ilitoka 1964: injini ya lita 6.4 ndani ya gari la kawaida la familia, kwa nyongeza isiyofika dola 300. Kilele kikawa 1970, Chevelle SS yenye injini ya LS6, lita 7.4, nguvu ya farasi 450. Mwaka uliofuata General Motors wakashusha kompresheni, yaani kiasi injini inavyoubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya kuuwasha, kwenye karibu injini zao zote. Hemi, injini kubwa ya Chrysler ya enzi hizo, ikaishia 1971. GTO ya 1972 ikarudi kuwa nyongeza tu kwenye LeMans. Vikwazo vya mafuta vilikuwa bado! Kilichokuwepo ni bima iliyowapandia vijana, na Sheria ya Hewa Safi, ndiyo hiyo sheria ya moshi, ambayo Rais Nixon aliitia saini tarehe 31 Desemba 1970.

Hapo wengi wenu mnailaumu serikali. Mimi, na mapenzi yangu yote kwa magari haya, naitetea. LS6 ilikuwa na kompresheni ya 11.25 kwa moja. Injini ya hivyo ukiinywesha petroli hafifu inagonga, unasikia kama misumari inatikiswa ndani ya kopo, na ukizidi kukanyaga mafuta pistoni inatoboka. Dawa yake enzi hizo ilikuwa kutia madini ya risasi (lead) kwenye petroli. Risasi ile haikuishia kwenye injini. Ilitoka na moshi, ikatua kwenye vumbi wanalochezea watoto, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Sisi wa Afrika Mashariki si wageni wa hilo. Makubaliano ya Dakar, ya nchi za Afrika kuiondoa kwenye petroli, ni ya 2001, na pampu zetu zilikuja kuachana nayo kuelekea 2006. Rika langu tumekua tukiivuta stendi kila asubuhi.

Na nguvu hazikupotea milele. Dodge Challenger Hellcat ya 2015 ilitoka na farasi 707, kwa petroli isiyo na risasi.

Kwenye bima nakubali vijana walionewa. Ila anayesema sheria ya moshi nayo ilionea, aniambie: zile LS6 zingeendelea kunywa nini, na nani angevuta moshi wake?