Pikapu mpya ya kupeleka Tanga: kipi uagize kiwandani, kipi umwachie fundi

Wa Chumbageni, yuko Leicester:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna pikapu mpya ya kuagiza na kupeleka nyumbani, dabo kebini ya dizeli. Kazi yake ni machungwa kutoka Muheza, samaki na barafu kutoka Pangani, na mara mbili tatu kwa mwezi kupanda Amani, hata masika. Fomu ya muuzaji ina orodha ndefu: difu loki (ya kufanya tairi mbili za ekseli zizunguke pamoja), ndoano ya trela, snokeli (bomba la kuvutia hewa juu ya paa), plastiki ya kutandika bodini pa mzigo, rimu za inchi 18, bulbaa (bampa la chuma la mbele). Kipi kitiwe tiki huku, na kipi kisubiri gereji za Tanga?

Wa Ngamiani, yuko Perth:

Wa alaykum salaam, kaka. Kabla hujafika kwenye orodha, tazama injini, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Pikapu ya dizeli ya soko la Uingereza ni ya Euro 6, kiwango cha moshi cha Ulaya: ekzosi ina chujio la masizi, na kuna tenki la AdBlue, maji ya urea ya kusafishia moshi. Chujio hilo limeundiwa dizeli yenye salfa isiyozidi ppm 10 (sehemu 10 katika milioni). Kiwango kilichowekwa Afrika Mashariki mwaka 2015 ni ppm 50. Tena linahitaji safari ndefu yenye moto ili liunguze masizi yake lenyewe. Gari la safari fupi za mjini, Chumbageni hadi Deep Sea na kurudi, halifiki moto huo: chujio huziba, taa huwaka, injini hukatwa nguvu. AdBlue nayo ikikauka kabisa, ukizima gari haliwaki tena. Agiza toleo la nje ya Ulaya, usukani wa kulia, lisilo na vitu hivyo. Muuzaji wako akikosa, bora ununue kwa wakala Dar kuliko kulazimisha.

Sasa orodha. Kinachokaa ndani ya ekseli, gia boksi au kompyuta ya gari, chukua kiwandani. Kinachoshikwa kwa bolti kisubiri, na kodi ni sababu mojawapo. Forodha hukokotoa kwenye bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, kwa hiyo kila tiki inaingia humo. Ushuru wa 25%, kisha VAT ya 18% juu yake: rimu za kupendeza za pauni 1,000 zimekuwa 1,475, na tozo nyingine bado. Vipuri ukivituma peke yake navyo hutozwa, lakini kazi ya mikono ya fundi haipiti bandarini.

Difu loki ya nyuma usiiache. Kwenye utelezi wa Amani tairi moja ya nyuma ikining'inia, nguvu yote hukimbilia huko. Ule mfumo wa kubana breki ya tairi inayozunguka bure husaidia, ila mlima mrefu wa tope huichosha breki. Kuiweka baadaye ni kufungua difu, kubadilisha kiini chake, na kupima upya nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni kwa geji inayosoma sehemu za mia za milimita. Fundi akikisia kwa kidole, difu italia kwanza, kisha itakula meno.

Mifuko ya hewa ya kinga, kamera na rada za breki ni za kiwandani au basi. Springi za mzigo mzito zikiwemo, chukua: uzito wa juu umeandikwa kwenye bamba la gari, na springi utakazoongeza Tanga haziubadilishi.

Uzito ndio watu wanaousahau. Tuseme bamba linaruhusu mzigo wa kilo 1,000. Bulbaa ya chuma 60, winchi 35, bampa la nyuma 40, kofia ya bodi (paa la kufunika mzigo) 70, betri ya pili 25, dizeli lita 60 za tenki la ziada kilo 50. Zimeondoka 280. Watu wanne wa kilo 75 ni 300. Machungwa yamebakiwa na kilo 420, yaani gunia nne za kilo 100 na kikapu.

Wa Pongwe, yupo Tanga:

Mjomba wa Perth kasema. Mie naongeza chumvi, ila ya bahari.

Samaki na barafu hudondosha maji ya chumvi bodini. Ile plastiki ya kuchomeka huonekana safi juu, chini yake mchanga unasugua rangi na maji hayana pa kwenda. Siku ukiibandua unakuta kutu. Chukua ya kupuliza, ipulizwe gari likiwa jipya, rangi ipigwe msasa kidogo kwanza ili ishike, ivuke kingo za juu, matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Na samaki wakae kwenye kasha.

Kila tundu la drili ni mlango wa kutu. Snokeli ni kitu cha bolti, sawa, lakini fenda hukatwa tundu la kama sentimita 9. Fundi apige msasa ukingo, afyonze vumbi lote la chuma (likibaki linaota kutu juu ya rangi nzima), apake praima ya zinki mara 2, isubiriwe ikauke, ije rangi, ndipo bomba lifungwe. Wengi hukata na kufunga saa hiyohiyo. Halafu kile kitobo cha kutolea maji chini ya kasha la chujio la hewa kiwekewe vali ya njia moja. Snokeli iko juu ya paa na maji yanaingilia chini, huo ni urembo tu.

Tena kabla ya snokeli, inua vipumuo vya difu (vitobo vyake vya kupitishia hewa). Ekseli ya moto ikizama kwenye maji baridi huyanyonya, na mafuta ya difu yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Mpira wa milimita 8 hadi ndani ya boneti, kazi ya asubuhi moja.

Kuchomelea chesisi, hapana. Mafundi wetu ni wepesi wa kushika weldi, lakini chuma cha chesisi kikiunguzwa hupoteza ugumu pembeni ya weldi, na hapo ndipo kinapopasukia. Keria na bulbaa zishikwe kwa bolti kwenye matundu ya kiwandani. Ikibidi kuchomelea kitu kilicho juu ya gari, ng'oa nyaya zote mbili za betri, na athi ya mashine ya weldi ibanwe karibu kabisa na weldi.

Rimu za 18 achana nazo. Za 17 za chuma zikipinda hunyooshwa kwa nyundo. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 tairi inakua kimo milimita 26 hivi. Spidimita ikisoma 100 wewe uko 103. Na usidanganywe na bolti sita: Hilux na Ranger zote ni 6x139.7 (bolti 6 kwenye duara la milimita 139.7), lakini tundu la katikati ni milimita 106.1 kwa Hilux na 93.1 kwa Ranger. Rimu ya Ranger haiingii Hilux. Ya Hilux inaingia Ranger, ila bila pete ya kujazia usukani utatetemeka.

Wa Makorora, yuko Muscat:

Umeme niachieni mie. Ndoano ya trela ichukuliwe na nyaya zake za kiwandani, hata kama trela halijanunuliwa. Kwenye magari mengi ya sasa soketi hiyo huiarifu kompyuta kwamba kuna trela. Fundi akidaka tu waya wa taa za nyuma, kompyuta huona mkondo isioufahamu na kuwasha onyo.

Friji ya samaki ikitaka betri ya pili: altaneta za kisasa hushusha volti betri kuu ikishajaa, kwa hiyo rilei (swichi ya umeme) ya kuunganisha betri mbili haitoshi. Weka chaja ya DC-DC ya ampea 25, inayopandisha volti kwa ajili ya betri ya pili. Kwa mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya wa milimita za mraba 10 hupoteza kama volti 0.44, wa 16 hupoteza 0.27. Chukua wa 16, shaba iliyopakwa bati, kwa ajili ya hewa yenu ya bahari. Fyuzi ya ampea 40 ikae sentimita 20 kutoka betri, siyo mwisho wa waya. Taa mbili za ziada za wati 60 ni ampea 10: rilei, fyuzi ya 15, waya wa 2.5.

Wa Chumbageni:

Shukrani. Kuinua gari je? Na kupuliza bodi, huku au Tanga?

Wa Pongwe:

Milimita 50, mwisho. Ukizidisha, shafti za mbele zinakaa upande, raba zake zinapasuka, na alainimenti haikubali mpaka ubadilishe mikono ya juu ya sasipensheni. Wala usitie mifuko ya hewa kati ya springi za nyuma na chesisi ili ubebe zaidi. Springi hushika chesisi sehemu mbili. Mfuko husukuma mahali pamoja, na mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, chesisi hupinda nyuma ya kebini.

Bodi ipulizwe huko, na tumbo la gari lipakwe nta ya kuzuia kutu huko huko, kabla halijaonja bahari. Nta, siyo ile nyeusi ya mpira, ambayo ikipasuka hufungia maji ndani. Matundu ya chini ya milango yasizibwe. Vipuri usiviache bodini. Meli nyingi za magari hazikubali vitu vilegevu. Na upige picha ya bamba la namba ya chesisi uitume mapema, vichujio vitafutwe kwa namba hiyo na siyo kwa jina la gari.