Naomba ushauri: skana, exocad na mashine ya kuchonga meno
Wakuu habari zenu. Niko Kigoma, nina maabara ndogo ya meno bandia, kazi zote bado mkono, nta na plasta. Nimepata skana ya mezani yuzdi inatoa faili za STL (umbo la jino la 3D), kudizaini nataka programu ya exocad, ila muuzaji wa mashine ya kuchonga anang'ang'ania nichukue na programu yake na diski za zirkonia (kauri ngumu ya kuchonga meno) za kwake tu, wakati mi najua diski za milimita 98 zinaingia mashine kibao, hapo naona kama ananifunga kamba. Na zirkonia ikiingia tanuru inasinyaa karibu asilimia 20, je nikinunua diski kwingine programu yake itanikubalia kuingiza kile kipimo cha kukuzia kilichoandikwa kwenye diski (jino lichongwe kubwa ili likisinyaa litoshe), au krauni (kofia ya jino) itatoka haikai? Umeme ukikatika katikati ya kuchonga je, diski ndo imeenda? Aliyewahi kuunganisha mashine za kampuni tofauti anisaidie kabla sijalipa.