Mrejesho: ile suruali ya kuvulia samaki iliyokuwa ikinilowesha

Wakuu, nimerudi. Niliuliza ninunue ipi ya kuingilia majini: ya neoprini (mpira laini kama sponji, unaotunza joto) au ya kitambaa kinachopumua (kinazuia maji ila kinatoa jasho), maana ya zamani ilikuwa inanilowesha na niliamini imetoboka.

Aliyeniambia niipime kwanza kabla ya kutoa hela, asante sana. Niliigeuza ndani nje, nikapulizia spiriti. Penye tundu panajitokeza kidoa cheusi papo hapo. Nikapata vitatu, vyote kwenye mishono ya msambani na ndani ya magoti, pale miguu inaposuguana. Nikapaka gundi ya mpira, nikaiacha ikauke usiku kucha. Unyevu uliobaki, kumbe ni jasho langu mwenyewe!

Kosa lilikuwa la matunzo. Kitambaa cha nje kikianza kunywa maji badala ya kuyatiririsha, jasho halitoki vizuri hata kama hakuna tundu. Dawa yake ni kukifua, kisha kukipulizia dawa ya kuzuia maji.

Mpya nimenunua hata hivyo (nilishaipenda): kitambaa cha tabaka tatu juu, nne miguuni, soksi za neoprini zilizoungwa nayo, viatu unavaa kando juu yake. Neoprini nzima nawaachia wanaosimama kwenye maji ya baridi kali. Mimi natembea mno. Vizuia mchanga juu ya viatu sivikosi, maana changarawe ikiingia inakula soksi kama msasa. Mkanda kiunoni pia, nikiteleza maji yasijae ndani haraka.

Ya zamani anayo mdogo wangu. Tangu niizibe haijavuja tena.