Kwa nini hatua ya saratani ya utando wa mfuko wa uzazi hutajwa baada ya upasuaji?

Binti Mdogo

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Mama yangu ana umri wa miaka 63, na alianza kutokwa na damu ukeni miaka mingi baada ya kukoma hedhi. Sampuli imeonyesha saratani ya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, aina ya endometrioidi, daraja la 1. Daktari ataondoa mfuko wa uzazi na shingo yake, mirija na ovari zote mbili, lakini amesema hatua ya ugonjwa itajulikana baada ya majibu ya maabara. Ikiwa daraja linajulikana na picha ya MRI imeshapigwa, kinasubiriwa nini? Na je, ni lazima tezi zote za limfu za nyonga ziondolewe?

Mpima Tishu

Pole sana, dada, na mpe mama pole zetu. Daraja hueleza sura ya seli, ilhali hatua hueleza ugonjwa umefika wapi, na sampuli ya kukwangua haiwezi kujibu hilo la pili kwa sababu mara nyingi haina ukuta wa msuli ndani yake. MRI husaidia kukadiria, ila haioni chembe chache zilizojificha ndani ya tezi ambayo haijavimba. Ndiyo maana FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake, liliacha upangaji wa kitabibu mwaka 1988 na kufuata matokeo ya upasuaji.

Kwetu maabara kazi yenyewe ni ya milimita. Msuli ukiwa na unene wa milimita 14 na saratani ikawa imeingia milimita 6, hiyo ni hatua ya IA kwa mpangilio wa FIGO wa 2009. Ikifika milimita 7, yaani nusu, inakuwa IB. Ikiingia kwenye tishu za ndani za shingo ya kizazi ni hatua ya II. Ovari, mirija, uke au tezi za limfu zikiguswa ni ya III, na ya IV ni pale inapovamia utando wa ndani wa kibofu au utumbo, au inapofika mbali, kwa mfano kwenye mapafu.

Nesi wa Upasuaji

Kuhusu tezi, zamani wengi waliondolewa zote, lakini majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2008 na 2009 hayakuonyesha kwamba kufanya hivyo kunarefusha maisha ya wagonjwa wa hatua za mwanzo, na wapo wanaobaki na uvimbe wa miguu usiokwisha. Siku hizi, penye vifaa, rangi ya kijani hudungwa kwenye shingo ya kizazi, kisha kamera maalumu huonyesha tezi ya kwanza inayoipokea kila upande, na hiyo ndiyo hutolewa na kuchunguzwa kwa makini. Upande ambao rangi haikupita, tezi za upande huo hutolewa. Muulizeni daktari kama njia hiyo ipo.

Binti Mdogo

Asanteni sana. Je, seli zikikutwa kwenye maji ya kuoshea tumbo wakati wa upasuaji, hatua inapanda?

Mpima Tishu

Tangu 2009 hapana, ingawa huandikwa kwenye ripoti. Nionavyo mimi, ulizeni zaidi kuhusu kipimo cha p53, protini ambayo kwa kawaida huzuia seli zisigeuke saratani, kwani katika mpangilio wa 2023 saratani iliyobaki ndani ya mfuko lakini imeingia kwenye msuli, ikiwa na p53 isiyo ya kawaida, huhesabiwa hatua ya II. Aina ya seli nayo ina uzito: ile iitwayo sirasi (serous) huweza kupita kwenye mirija na kupandikiza seli za saratani tumboni hata kama msuli haujavamiwa sana, na kwa wagonjwa hao daktari huchukua pia kipande cha utando wa mafuta unaofunika utumbo. Kwa daraja la 1 la mama hilo si jambo la kawaida, lakini subirini ripoti kamili, kwa kuwa daraja la sampuli hubadilika wakati mwingine mfuko mzima ukichunguzwa.