Tupeane uzoefu: umebaki na kampuni moja ya kompyuta, au huduma yao ilikufukuza?

Mwanzilishi wa mada, Dar es Salaam

Habari zenu wanajamvi. Naomba tupeane uzoefu kuhusu kampuni za kompyuta za nyumbani tunazoziamini kwa miaka mingi, na namna zinavyotupokea siku mashine inapoharibika. Bei na kasi ya mashine tuziache kwa mada nyingine; hapa nataka tuzungumzie kinachotokea baada ya kununua, kwa sababu naona ndipo mteja anapopatikana au anapopotea. Katika visa vyetu binafsi tusitaje majina ya kampuni, maana upande wa pili haupo hapa kujieleza.

Nianze na changu. Mimi ni mwalimu, na nyumbani kwetu tumetumia kompyuta za kampuni moja tangu nikiwa chuoni. Ya kwanza ilidumu hadi herufi za kibodi zikafutika, na ndiyo iliyonifanya niwashawishi wadogo zangu na walimu wenzangu wanunue za aina hiyo hiyo. Ya mwisho niliinunua mpya kwa wakala, ikiwa na waranti ya mwaka mmoja, na kabla mwaka haujaisha ikaacha kuchaji. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, aliyenipokea aliniomba nizime mashine, nichomoe chaja, nishikilie kitufe cha kuwashia kwa muda, kisha nijaribu upya. Haikusaidia. Akanipa namba ya kumbukumbu na kuniahidi kwamba nitapigiwa. Sikupigiwa, na nilipopiga tena mtu mwingine alianza mwanzo kabisa: jina, namba iliyobandikwa chini ya mashine, tarehe ya risiti, kuzima, kuchomoa, kushikilia kitufe. Ile namba ya kumbukumbu niliyomsomea haikumwonyesha lolote nililokwisha kueleza.

Duka likasema suala hilo ni la kituo cha huduma, kituo kikasema hakiwezi kupokea mashine bila idhini ya watu wa simu, na watu wa simu wakanirudisha dukani. Nilipigwa danadana hadi waranti ikaisha mashine ikiwa bado nyumbani, ndipo nikaambiwa kwamba matengenezo sasa ni kwa gharama yangu. Tundu la chaja kulegea ningelisamehe, kwa kuwa hakuna chombo kisichoharibika. Nililoshindwa kulisamehe ni kuhesabiwa mgeni na kampuni ambayo nimeipigia debe miaka yote hiyo.

Mwanachama, Nairobi

Pole sana, Mwalimu. Kisa changu kinahusu bawaba. Laptopu yangu haikuwa imewahi kuanguka, lakini kila nilipoifungua nilisikia plastiki ikilia, mpaka siku moja kona ya kioo ikanyanyuka pamoja na kipande cha gamba la chini. Kituo cha huduma kiliandika kwenye fomu kwamba ni uharibifu uliosababishwa na mtumiaji, bila hata kuifungua mbele yangu.

Nilimpelekea fundi wa mtaani, akaifungua na kunionyesha sababu. Skrubu za bawaba huingia kwenye nati ndogo za shaba, na nati hizo zimepachikwa kwenye vishikizo vyembamba vya plastiki; bawaba ikiwa ngumu, nguvu yote ya kufungua na kufunga huishia kwenye plastiki hiyo, ambayo hatimaye hupasuka na kuachia nati. Nilipiga picha za nati zikiwa bado zimeng'ang'ania vipande vya plastiki, nikaandika barua, na ndani yake nikarejelea Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010, inayompa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa, pamoja na sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012. Gamba lilibadilishwa bila malipo. Hata hivyo sijanunua tena kwao, kwa kuwa nilichopewa baada ya barua ndicho nilichostahili kupewa kabla yake, na nawafikiria wale wasiojua kuandika barua ya namna hiyo.

Mwanachama, Unguja

Mimi niliinunua Dubai kwa bei nzuri na risiti ninayo. Ilipozima ghafla niliambiwa kwamba waranti yake inatumika katika nchi iliponunuliwa tu. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi za ndani ya boksi, kwa herufi ndogo mno. Wenzangu mnaoagiza kutoka nje, ulizeni kabla ya kulipa kama waranti ni ya kimataifa.

Mwanachama, Marekani

Naomba niongeze kisa kilichojulikana hadharani huku, kwa sababu kinaonyesha kwamba danadana hizi hazianzii Afrika. Mwaka 2005 mwandishi wa habari Jeff Jarvis alinunua laptopu ya Dell na kulipia nyongeza ili fundi aje kumtengenezea nyumbani. Ilipoharibika aliambiwa kwamba fundi akija hatakuwa na vipuri, hivyo ni heri aitume mashine kiwandani. Akaanza kuandika kuhusu kero hiyo kwenye blogu yake, na maelfu ya wateja wengine wakajitokeza na visa vyao. Yeye alirudishiwa fedha zake, akahamia Apple.

Wakati huo Dell ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa kompyuta duniani, na sifa yake ilijengwa juu ya kumuuzia mteja moja kwa moja, bila duka katikati. Kwa hiyo mteja aliyekosa msaada kwenye simu hakuwa na muuza duka wa kumwendea. Simu ndiyo ilikuwa kampuni yenyewe. Mwaka 2006 ilianzisha blogu yake ya kuzungumza na wateja, na mwezi Agosti mwaka huo huo ikatangaza kurudisha betri za laptopu zipatazo milioni 4.1, zenye seli zilizotengenezwa na Sony, kwa sababu ya hatari ya kuwaka moto. Januari 2007 Michael Dell, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alirudi kwenye kiti cha mtendaji mkuu, na mwezi uliofuata kampuni ikafungua tovuti ya kupokea mapendekezo ya wateja, iitwayo IdeaStorm. Kwa maoni yangu hayo yalikuwa mabadiliko ya kweli, ila yalikuja baada ya malalamiko kuonekana na dunia nzima. Mteja anayelalamika kwenye simu peke yake hana nguvu hiyo, na ndiyo maana naiona mada hii kuwa ya maana.

Mwanachama, fundi, Arusha

Nimesoma yote kwa makini, na naomba niseme ninachokiona kwenye meza yangu ya kazi. Watu hudhani mteja hubaki na kampuni kwa mazoea. Mimi naona wengi hubaki kwa sababu ya vipuri. Kampuni kama Lenovo, HP na Dell huweka kwenye tovuti zao, bila malipo, miongozo ya kufungua mashine zao nyingi, hatua kwa hatua, pamoja na namba ya kila kipuri. Nikiwa na mwongozo huo, mzee aliyeniletea mashine yake asubuhi anaweza kuondoka nayo jioni, na mwakani atanunua ya aina hiyo hiyo ingawa hajawahi kuzungumza na mtu yeyote wa kampuni. Lakini mashine nyembamba za siku hizi, ambazo baadhi yake betri imegandishwa kwa gundi na memori imechomelewa kwenye bodi, zinaninyima nafasi hiyo, na mteja analazimika kurudi kwenye ile simu.

Mwalimu, mashine yako usiikatie tamaa. Tundu la chaja kwenye laptopu nyingi ni kipuri kidogo chenye waya wake, hung'olewa na kuwekwa kingine bila kugusa bodi kuu. Kama lako limechomelewa kwenye bodi, kazi ni kubwa zaidi lakini inawezekana. Na kwa wote: kinachobishaniwa mara nyingi ni tarehe uliyotoa taarifa. Usiridhike na simu. Tuma barua pepe siku hiyo hiyo, na ukiikabidhi mashine popote, dai fomu yenye tarehe, hali ya mashine na sahihi ya aliyepokea.

Mwanzilishi wa mada

Ahsanteni sana, na Mungu awabariki. Fundi, ahadi zote nilizopewa zilitolewa kwa simu. Je, kuna njia ya kuthibitisha kwamba nilitoa taarifa kabla ya waranti kuisha?

Mwanachama, fundi, Arusha

Ipo, Mwalimu. Hifadhi picha ya orodha ya simu ulizopiga inayoonyesha tarehe, na ile namba ya kumbukumbu. Viambatanishe na nakala ya risiti, andika barua kwa duka lililokuuzia, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, peleka nakala hiyo Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003 ina jukumu la kumlinda mlaji. Usiruhusu mtu yeyote aifungue mashine kabla hawajakujibu, wasije wakasema kwamba imeguswa.