Kikundi chetu cha maigizo Mbeya: tufungue msimu na vichekesho au na michezo ya nyimbo?

Mwigizaji wa Uyole

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa mlioko Mbeya, Iringa, Njombe na popote huku nyanda za juu, na wale mliowahi kupanda jukwaani au kuimba kwaya.

Tupo watu 19, mazoezi tunafanyia kwenye darasa tuliloazimwa huku Uyole, Jumanne na Alhamisi watu wakishatoka kazini. Hakuna anayelipwa. Kuna mwalimu, fundi cherehani, vijana wawili wa bodaboda, na mama mmoja muuza viazi ambaye akifungua mdomo tu chumba kizima kinatulia. Miaka miwili hii tumekuwa tukiitwa kwenye mahafali na harusi, unacheza dakika ishirini huku wahudumu wanapita na sahani za pilau mbele yako, na Siku ya UKIMWI tunaitwa kuelimisha. Mwaka huu tumesema basi, tunataka msimu wetu wenyewe, michezo minne, mtu akate tiketi aje kutuangalia sisi.

Viwili ni vichekesho. Kimoja ni cha shamba la parachichi kule Rungwe lililouzwa kwa watu wawili, na wote wawili wanafika kuvuna siku moja. Kingine mama mkwe anakuja kukaa wiki moja na debe la mchele wa Kyela, mchele unaisha, yeye yupo. Halafu miwili ya nyimbo: mmoja uko ndani ya behewa la TAZARA kutoka Dar mpaka Tunduma, kila stesheni abiria mpya anapanda na wimbo wake. Wa mwisho ndo tunabishana, kuna wenzetu wanataka tuchukue mchezo mmoja wa nyimbo wa Marekani waliouona kwenye simu tuutafsiri.

Sasa nusu ya kikundi wanataka tufungue na TAZARA mwezi wa 12 watu wakiwa likizo, afu vichekesho vifuate Januari na Februari. Nusu wanasema vichekesho kwanza maana ndo tunavyojulikana. Mimi hofu yangu ni nyingine. Alhamisi tulifika pale mnunuzi wa pili anaingia na tenga lake, anainua macho, anamkuta mnunuzi wa kwanza yuko juu ya mparachichi anachuma. Anakaa kimya, moja, mbili, tatu, afu anasema kwa heshima kabisa "Shikamoo". Darasa lilianguka, mpaka mlinzi aliyekuwa dirishani alishika nondo akicheka. Jumamosi tukaenda kuonja ukumbi tuliopata, mkubwa, wa bati, kipande kilekile, mtu yuleyule, na hiyo shikamoo haikufika hata safu ya sita. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nisaidieni.

Mama Forest

Kwanza hongereni sana, hiyo shikamoo mimi nimeiona hapa nilipokaa.

Ila mdogo wangu, umetaja Desemba, Januari, Februari, na ukumbi wa bati. Umeishi Mbeya wewe, mvua zetu si unazijua? Kuanzia Novemba mpaka Aprili huko, ikianza mchana inaweza isikuache mpaka usiku, na bati lisilo na siling'i bodi likipigwa na ile mvua humsikii hata aliyekaa bega kwa bega na wewe. Nimefundisha shule miaka mingi, mvua ikija unaacha kufundisha unawaambia watoto wanakili ubaoni, hakuna namna. Wimbo wa watu kumi na tano na ngoma mbili unaweza kupambana na mvua, watu wakipoteza maneno bado wanashika wimbo. Kichekesho hakiwezi, kichekesho kinategemea neno moja, na likipotea hilo neno huwezi kulirudia maana likirudiwa limeshapoa.

Kwaiyo mimi naona mnabishana kitu ambacho hali ya hewa imeshawapangia. Nyimbo ziende msimu wa mvua, vichekesho viende kiangazi, kuanzia Mei mwishoni. Na hapo kuna faida nyingine, Juni Julai watu wanaanza kuvuna mahindi, hela ya tiketi inapatikana. Kitu cha kuangalia ni baridi tu. Msiweke saa mbili usiku mwezi wa saba, mtacheza na viti. Wekeni saa tisa alasiri Jumapili, mtu ametoka ibadani, amekula, anapita, saa kumi na mbili yuko kwake.

Sauti ya Tatu (Iringa)

Kamwene. Mimi ni mwanakwaya, Kihesa huku, naomba niongelee huo wa TAZARA maana umenigusa.

Mnahangaika na waimbaji wakati mmezungukwa nao. Mikoa yetu hii kila kona kuna kwaya, Walutheri, Wakatoliki, Wamoraviani, na watu wake wanasoma nota za do re mi, unampa karatasi jioni anarudi na sauti yake. Nendeni mkawaombe. Lakini mjue mnachokipokea. Mwanakwaya amezoea kusimama mstari mmoja na macho yako kwa mwalimu wa kwaya, ukimwambia amtazame mwenzake amuimbie yeye anapotea. Sisi tuliwahi kufanya igizo la Krismasi lenye nyimbo, Yusufu aliimba wimbo mzima anamwangalia mwalimu, Mariamu kamgeuzia mgongo, watu hawakuelewa nani anaambiwa nini. Mwaka uliofuata mwalimu akaondoka mbele, akakaa pembeni kwenye kinanda, anatoa sauti ya kuanzia tu, mengine tukashikana wenyewe kwa pumzi. Tuliteseka wiki tatu hivi afu ikakaa.

Kingine, pumzi. Kuimba umesimama ni kitu kimoja, kuimba unapanda behewa na begi kichwani ni kitu kingine kabisa. Begi liwepo kuanzia siku ya kwanza ya mazoezi na liwe na uzito kweli, msije kulileta siku ya onyesho.

Na tafadhali msitumie pleibeki. Najua ni rahisi, flashi moja tu na spika. Ila mtu akisahau mstari ile biti haimsubiri, inaenda zake, na watu wakicheka kwa muda mrefu nayo haiwasubiri. Mpiga ngoma anaona, anazungusha mara mbili zaidi mpaka mambo yatulie. Na behewa lenyewe mnaweza kulitengeneza kwa mdomo na miguu, bila spika, nusu ya kwaya wanafanya magurudumu nusu wanaimba. Kipande cha Mlimba kupanda Makambako, kwenye yale mahandaki, zimeni taa, mbaki na sauti peke yake. Yaani natamani ningekuwepo.

Mdau wa vibali

Niende moja kwa moja kwenye huo mchezo wa Marekani. Msiuguse kabla ya kuomba ruhusa. Michezo ya nyimbo ya kule ina mawakala wanaoshika haki zake, unalipia leseni ya maonyesho, na kuutafsiri ni ruhusa nyingine ya peke yake wanayopaswa kukupa kwa maandishi. Kwa kikundi kinachoanza ni gharama na usumbufu.

Kama mnataka cha nje, chukueni mtunzi aliyekufa zamani. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shakespeare alifariki 1616, Molière 1673, hao tafsirini mtakavyo. Ila angalieni mtego mmoja ambao vikundi vingi vinauingia: tafsiri nayo ina mwenyewe. Mabepari wa Venisi ni kichekesho cha Shakespeare, lakini Kiswahili kile ni cha Mwalimu Nyerere, kilitoka 1969, na Mwalimu alifariki 1999, kwaiyo hesabu yake inakwenda mpaka 2049. Mkitumia maneno yale mnahitaji ruhusa, mkitafsiri wenyewe kutoka Kiingereza hamhitaji.

Kwenye TAZARA pia, kama kuna abiria anaimba wimbo wa bongofleva wa mtu, hata mistari miwili, ulizeni COSOTA, wale wa hakimiliki, kwanza. Tungeni zenu. Na mapema nendeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri na skripti mkononi mkae naye, msisubiri wiki ya onyesho.

Mzee wa Makambako

Vijana nimefurahi sana kusoma hapa.

Mimi niliishi Dar miaka ya themanini na tisini, Tandika, na nilikuwa naangalia vikundi vya wakati ule, Muungano, na baadae TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni Komba ilipoanza 1992. Jioni moja unapata kila kitu, ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, afu taarabu mwishoni. Na nilichokuwa nakiona ni kwamba watu hawaingii wote kwa pamoja, wengine wanachelewa, wanatafuta viti, wanaagiza vinywaji, kwaiyo mwanzo walikuwa wanapiga ngoma, kitu ambacho ukikikuta katikati hujapoteza. Kichekesho kinakuja watu wameshatulia. Mtu aliyecheka pamoja na jirani yake asiyemjua anakuwa amelegea, ukimletea wimbo wa huzuni baada ya hapo anaupokea mpaka moyoni. Mmetenganisha vichekesho na nyimbo kama vile ni wageni wasiofahamiana, mimi ningeweka ngoma ya robo saa mbele ya kile cha parachichi, na kwenye behewa ningeweka abiria wawili wa kuchekesha.

Halafu shikamoo ile. Mchezaji akishaisema asiongeze kitu. Awasubiri watu wacheke, kicheko kipande, kifike juu, kikianza kushuka tu ndo mstari unaofuata uingie. Ukisubiri kiishe kabisa umechelewa, ukiingia kikiwa juu umekiua.

Binti Gangilonga

Shikamoo mzee hapo juu.

Langu ni dogo ila naomba mlisikie. Kwenye behewa la TAZARA najua tu kuna mtu ataandika Mhehe anapanda na lile neno la mbwa, eti tunakula mbwa. Tafadhali. Tumelisikia kwenye kila harusi yenye MC kutoka nje. Utani una wenyewe, Mngoni akinitania namrudishia maana babu zetu walipigana karne ya 19 wakabaki watani mpaka leo, na msibani atakuja kunichekesha na kunisaidia kupika. Asiye mtani akisema lile neno mbele ya watu waliolipa hela, hilo sio utani tena. Mkitaka litoke basi wekeni Mngoni na Mhehe siti moja watupiane, na Mhehe awe na majibu. Hapo nitapanda basi kutoka Iringa kuja kuwaangalia, na ule mlima wa Kitonga siuogopi maana hauko upande huo.

Mwigizaji wa Uyole

Ndaga fijo wote, jana nimewasomea wenzangu huu uzi wote darasani, mpaka sehemu ya begi kichwani, na mama wa viazi akasema yeye begi lake ataweka viazi kweli.

Tumekubaliana hivi. TAZARA inafungua Desemba na ngoma laivu, Jumapili hii wawili wetu wanaenda kuongea na kwaya ya jirani. Mngoni na Mhehe siti moja wameshapata waigizaji. Mchezo wa Marekani tumeuacha, ingawa kaka aliyeupendekeza aliumia kidogo, tumemwomba achague kitu cha Molière aanze kutafsiri taratibu. Parachichi inahamia Juni, saa tisa alasiri, na ngoma mbele yake.

Ukumbi tumerudi tena leo asubuhi. Tumeacha lile jukwaa la mwisho kule, tumeshuka chini katikati, viti tukavizungusha pande tatu, safu zikabaki tano. Mlinzi wetu tukamkalisha ya mwisho kabisa kwenye kona. Mnunuzi akaingia na tenga, akainua macho, akahesabu tatu. Mlinzi alikuwa ameshaiona mara nne, na bado alicheka.

Dada wa Gangilonga, siti yako tunakuwekea. Sauti ya Tatu, tukituma nota za wimbo wa Makambako utatuangalizia hiyo sauti ya tatu? Mwalimu wetu anaona imepanda sana.