Battambang si kituo cha kuchimba dawa: mawakala wa safari, mnatuibia mchana kweupe

Wakuu, heshima kwenu. Mwenye moyo mwepesi apite pembeni, leo nimekuja na hasira.

Kuna mchezo umeota mizizi kwa hawa mawakala wa safari za Asia waliojaa kwenye simu zetu. Bango limeandikwa KAMBODIA YOTE, picha ni ile ile ya hekalu la kale la Angkor Wat alfajiri, bei ya zamani imekatwa kwa mstari mwekundu ili ujione umehurumiwa. Ukishuka kwenye ratiba unakuta kamstari kamejificha: "Battambang, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo." Muulize wakala kuna nini huko. Atakujibu bila aibu: treni ya mianzi, chakula cha mchana, picha, tunageuza. Mji mzima wa mtoni, wa mtu kukaa akatulia, umefanywa mahali pa kushuka, kuchimba dawa na kupanda tena.

Kwa asiyeujua: Battambang uko kaskazini-magharibi mwa Kambodia, kwenye kingo za mto Sangkae, mto unaokwenda kumwaga maji yake katika ziwa Tonle Sap. Kutoka mji mkuu, Phnom Penh, ni kama kilomita 290 kwa barabara kuu namba 5. Ni makao makuu ya mkoa unaosifika nchini kwao kwa mpunga na machungwa. Sasa watu wanaupita kama hauna mwenyewe.

Mimi niliuziwa kifurushi hicho na wakala mmoja wa hapa Dar (jina nalihifadhi, wasimamizi wasije wakanifungia uzi). Tulikuwa kundi la watu tuliotoka kufunga mizigo Guangzhou, China, tukasema tupumzishe akili kabla ya kurudi kupambana na bandari. Siku ya Battambang gari likaanza kuzunguka hoteli moja baada ya nyingine kukusanya watu, mpaka linatoka Siem Reap, mji ulio jirani na Angkor Wat, jua limeshapanda. Njiani ni mwendo wa saa tatu na ushee. Tukafika jua la utosi, saa ambayo hata mbwa wa mjini wamelala chini ya mabenchi. Tukalishwa wali wa kukaanga kwenye mgahawa wa watalii watupu, tukakimbizwa huku na kule, na ilipogonga saa tisa alasiri dereva akaanza kupiga honi. Yule dereva simlaumu hata kidogo, kijana wa watu anafuata karatasi aliyopewa. Nina ugomvi na aliyeiandika ile karatasi.

Maana kila kitu cha maana katika mji ule kinaanza gari likishaondoka! Battambang ni mji wa alfajiri na wa magharibi. Anayekupeleka adhuhuri amekuonyesha ganda la nazi na kukwambia umekunywa dafu.

Chukua Phnom Sampeau, kilima cha mawe ya chokaa kilicho karibu na mji, upande wa kusini-magharibi. Chini yake kuna pango la popo. Jua linapozama, kwenye saa kumi na moja na nusu hivi au kumi na mbili, wanaanza kutoka. Hawatoki mmojammoja. Ni ukanda mweusi unaojikunja angani kuelekea mashambani, unaendelea kutoka na wewe umesimama shingo imekuuma. Wakulima wa kule hawana neno nao, kwa sababu popo hao hula wadudu wanaosumbua mpunga. Sisi tulionyeshwa tundu la pango saa nane mchana. Tundu! Mwongozaji akasema, "Popo hutoka hapa jioni." Ahsante sana, ndugu.

Na juu ya kilima hicho hicho kuna jambo lililonichefua zaidi. Yako mapango ambamo Khmer Rouge, wale wakomunisti wa Pol Pot waliotawala kuanzia 1975 hadi 1979, waliwaua watu na kuwatupa chini kupitia uwazi ulio juu ya pango. Mifupa imehifadhiwa humo kwenye kihifadhi cha kioo, kando yake Buddha amelala, na watu huja kuchoma udi kuwaombea ndugu zao. Ratiba yetu ilipatengea mahali hapo muda mfupi kuliko wa chakula. Nusu ya kundi hawakuambiwa kabisa wanaingia wapi, wakaanza kupiga picha za vidole viwili. Nawalaumu kidogo, lakini wakala ndiye namlaumu sana. Huwezi kuwashusha watu kwenye makaburi ya halaiki bila kuwaambia ni makaburi. Ukitaka kuelewa uzito wa yale mambo, nenda pia bwawa la Kamping Puoy, nje ya mji upande wa magharibi. Leo familia zinakula samaki na kuogelea pale Jumapili, ila tuta lile lilijengwa enzi hizo kwa kazi ya shuruti, na maelfu walikufa wakibeba udongo. Kwenye ratiba za mawakala wetu bwawa hilo halimo.

Haya, treni ya mianzi. Wenyeji wanaiita norry. Ni jukwaa la mianzi juu ya ekseli mbili, injini ndogo nyuma, inakwenda kwenye reli ya kawaida. Njia ni moja tu, kwa hiyo mbili zikikutana uso kwa uso, yenye mzigo mdogo inashushwa vipande vipande, nyingine inapita, kisha inaunganishwa tena. Watu walivumbua chombo hicho baada ya vita, reli imekufa na hakuna usafiri, wakabebea mpunga, mifugo na wagonjwa. Akili ya mtu aliyebanwa! Lakini mabango yetu yanauza "treni ya kihistoria" na kunyamaza kuhusu mengine: ukarabati wa reli kuu ulisimamisha zile safari za zamani mwaka 2017, na 2018 ikafunguliwa njia mpya kwa ajili ya watalii karibu na hekalu la Banan. Si mbaya, inafurahisha, upepo unapiga. Ila mteja ana haki ya kujua anapelekwa kwenye reli ipi. Na hakuna aliyetuambia kwamba treni zenyewe, zile kubwa, zilirudi kwenye njia ya Phnom Penh hadi Poipet, mpakani na Thailand, mwaka huo huo wa 2018.

Sasa njoo kwenye sarakasi, hapa ndipo nilipopandisha mori. Wengi mliokwenda Siem Reap mmelipa kuona onyesho la Phare, vijana wanaruka na kucheza na moto, mkarudi mnasifia. Je, mliambiwa limetoka wapi? Phare Ponleu Selpak ni shule ya sanaa iliyoanzishwa Battambang mwaka 1994 na vijana tisa waliokulia katika kambi ya wakimbizi kwenye mpaka wa Thailand, pamoja na mwalimu wao Mfaransa aliyekuwa akiwafundisha kuchora kambini. Watoto walichora kwanza yale waliyoyaona, ndipo vikaja muziki, maigizo na sarakasi. Hema la Siem Reap lilikuja baadaye, mwaka 2013. Chimbuko liko Battambang, unakaa kwenye benchi umezungukwa na wazazi na wadogo zao wanaoruka. Onyesho ni la usiku, na si kila usiku, uliza ratiba ya wiki. Mwenye gari la saa tisa alasiri ataliona saa ngapi?

Pale ndipo nilipogoma. Honi ikalia, nikamwambia mwongozaji aniteremshie begi langu. Wakala akanipigia simu kutoka Dar akifoka kwamba "naharibu kifurushi", na usiku wa hoteli niliokwisha kulipia Siem Reap hakunirudishia hata senti. Ubabaishaji mtupu. Nyumba ya wageni niliyopata karibu na soko ilikuwa safi, feni inazunguka, na mama mwenye nyumba alinichekea kwa ishara mpaka tukaelewana.

Jioni ile ile nikauona mji. Watu wamejaa ufukweni mwa mto, akina mama wamejipanga mistari wanafanya mazoezi kwa muziki wa spika kubwa, watoto wana baiskeli, wachuuzi wanakaanga. Nyuma yao kuna maduka ya ghorofa moja au mbili ya enzi za Wafaransa, chini biashara, juu makazi, rangi imechubuka, madirisha ya mbao. Soko la Psar Nat lililo katikati ni la miaka ya 1930.

Na historia yake si ya kitoto. Battambang ulikuwa chini ya Siam (ndiyo Thailand ya leo) tangu 1795 mpaka 1907, ulipokabidhiwa kwa Wafaransa kwa mkataba, halafu Thailand ikautwaa tena mwaka 1941 hadi 1946. Nyumba ya gavana bado imesimama. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya gavana wa mwisho wa Siam, wa ukoo wa Aphaiwong, naye akaondoka mwaka huo wa 1907. Mwanawe Khuang Aphaiwong, aliyezaliwa Battambang 1902, alikuja kuwa waziri mkuu wa Thailand. Ukiyajua hayo, kelele za mpaka wa nchi hizi mbili unazisikia kwa masikio mengine. Mwimbaji Ros Serey Sothea, ambaye Wakambodia wa rika zote wanamkumbuka, naye ni mtu wa mkoa huo, na alipotelea mikononi mwa Khmer Rouge.

Chakula nisipokitaja nitakuwa mnafiki. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza Battambang katika miji yake ya ubunifu upande wa mapishi, sisi tukalishwa wali wa kukaanga! Amka alfajiri ule num banh chok, tambi za mchele na mchuzi wa samaki na majani mabichi ya kila aina. Nje ya mji, barabarani, wanauza kralan: mchele wa kunata, maharage na tui la nazi vimeshindiliwa ndani ya mwanzi na kuchomwa kwa makaa, unabandua mwanzi kama unavyomenya muwa. Mpwani yeyote akila ile kitu atataka kujua ndugu zake walipotelea wapi. Vijijini asubuhi wanatandaza kwenye vichanja vile vikaratasi vyembamba vya mchele vya kuviringishia mboga, vikauke juani. Kuhusu prahok, samaki waliovundikwa kwa chumvi, nawaonya tu kwamba harufu inafika kabla yenu.

Najua kuna watakaokuja kuandika: "Kambodia si ndiko vijana wetu wanakofungiwa kwenye majengo ya utapeli wa mtandaoni?" Ndiyo, vijana wa Afrika Mashariki wamedanganywa kwa ajira hewa za Kusini-mashariki mwa Asia na wengine wameteseka sana. Ukiitwa huko kwenye kazi ya kompyuta, mshahara mnono na tiketi ya bure, kimbia. Lakini anayejilipia tiketi aende kuangalia popo na kula kralan hayumo kwenye habari hiyo, na msiitumie kuwafungia watu midomo.

Madai yangu kwa mawakala ni machache. Kama huwezi kumlaza mteja Battambang angalau usiku mmoja, ondoa jina la mji huo kwenye bango lako. Mwambie mteja anaingia makaburini kabla hajatoa simu. Na acheni kunakili ratiba za wenzenu wa Siem Reap neno kwa neno, hata makosa ya tahajia mmeyabeba.

NYONGEZA, kwa walioniuliza kwenye ujumbe:

Boti ya Siem Reap hadi Battambang ipo, inapita ziwani na kupanda mto Sangkae katikati ya vijiji vinavyoelea. Ni safari ya siku nzima, benchi gumu. Maji yanakuwa mazuri baada ya mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka. Kiangazi kikikolea, Machi na Aprili, mto unapungua sana na mnaweza kushushwa mkamalizia kwa gari, kwa hiyo wakala akikuuzia boti Aprili mwulize maswali magumu.

Kuingia kwa barabara kutoka Thailand kupitia Poipet, msikariri mambo ya zamani. Mwaka 2025 nchi hizo zilipigana mpakani na vituo vikafungwa. Ulizeni hali ilivyo kabla hamjalipa chochote. Ndege za Phnom Penh na Siem Reap ndizo za uhakika zaidi.

Mahekalu: Ek Phnom kaskazini na Banan kusini, yote ya enzi za Angkor, ufalme wa kale wa Wakhmer. Banan ina ngazi 358, nendeni asubuhi na maji ya kutosha. Funikeni mabega na magoti, pale ni mahali pa ibada.

Pesa: dola zinatumika, ila noti yenye mpasuko hata wa ukucha wanaikataa. Chenji ndogo utarudishiwa kwa riel, fedha ya kwao, takriban 4,000 kwa dola moja, kwa hiyo usije ukamgombeza mama wa watu sokoni ukidhani amekupa karatasi.